Nguvu ya dawa ya mifugo ni mali ya umma

(Haya ni mazungumzo ambayo mwandishi aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa umma kuhusu matumizi ya dawa za mifugo.)

Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini mtu wa gazeti aje kuzungumza habari za sindano na kupe mbele ya watu wanaoshika chaki na mafaili. Jibu langu ni fupi. Jambo hili si la madaktari wa mifugo peke yao, wala si la mfugaji wa mbugani peke yake. Linamhusu kila anywaye maziwa, kila alaye yai, na kila mzazi ambaye siku moja atampeleka mtoto hospitali akitumaini kwamba dawa atakayopewa itafanya kazi. Tena, humu ukumbini wamo wengi ambao nyuma ya nyumba zao lipo banda la kuku wa nyama au ng'ombe mmoja wa maziwa. Kwa hiyo naelewa kwamba nazungumza na wafugaji.

Ninalotaka kulisema ni hili: nguvu ya dawa ni mali ya umma. Chupa ni ya yule aliyeinunua, lakini nguvu iliyomo ndani yake si yake peke yake. Akiitumia ovyo, hasara haiishii zizini kwake. Humfikia jirani, humfikia mgonjwa asiyemjua, na huwafikia watoto ambao hawajazaliwa. Kisima cha kijiji hatumruhusu mtu akichafue kwa sababu tu ndoo ni yake. Dawa nayo yataka ulinzi wa namna hiyo.

NGUVU INAVYOPOTEA

Katika mwili wa mnyama mgonjwa wamo vijidudu mamilioni kwa mamilioni. Wachache kati yao, kwa maumbile tu, huivumilia dawa kuliko wenzao. Dawa ikitolewa kwa kipimo kamili na kwa siku zinazotakiwa, vijidudu wengi hufa, na wachache wanaosalia humalizwa na kinga ya mwili. Lakini ikitolewa nusunusu, hufa wale dhaifu tu. Wale wagumu huachiwa uwanja, huzaana, na kizazi chao huirithi tabia ile ya kuishinda dawa. Baya zaidi, bakteria wanaweza kupeana tabia hiyo hata wakiwa wa aina mbalimbali, kutoka kwa yule wa kuku hadi yule wa binadamu. Hali hii ndiyo wataalamu wanayoiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Si habari mpya. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia dawa hiyo kwa kipimo pungufu kutawafundisha vijidudu kuishinda. Dunia ilishangilia dawa, onyo likawekwa kando. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu 1,270,000 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria. Si wote waliokufa kwa makosa ya ufugaji. Hospitali na maduka ya dawa za binadamu yana sehemu yake kubwa. Lakini zizi nalo limo katika hesabu.

Ndugu Walimu, nipeni ruhusa nitoe hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa darasa la saba ataiweza. Dawa ya oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji huiita OTC, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, hutolewa kwa miligramu 20 kwa kila kilo moja ya uzito wa mnyama. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji miligramu 6,000. Ikiwa kila mililita ya dawa ina miligramu 200, ng'ombe huyo anahitaji mililita 30. Chupa ya mililita 100 basi inatosha ng'ombe watatu, na mililita 10 zinabaki. Sasa mfugaji ana ng'ombe kumi na fedha ya chupa moja. Anawagawia wote kwa haki, mililita 10 kila mmoja. Mbele ya macho yake ametenda haki. Mbele ya ugonjwa amempa kila ng'ombe theluthi moja ya dawa: hakumtibu hata mmoja, na vijidudu wa ng'ombe kumi wamepewa somo.

DAWA MOJA, KAZI MBILI

Hebu tuutazame ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Ni adui mkubwa wa ndama na wa ng'ombe wa kisasa katika Afrika Mashariki. Dawa ya kuutibu ipo, nayo ni buparvakwoni; huponya vizuri ikiwahi mapema. Lakini ni ya bei kubwa, na dukani si mara zote ipo. OTC ni rahisi na kila mtu anaijua. Kwa hiyo ng'ombe akivimba tezi na kupata homa, anachomwa OTC. Ndigana kali ikiisha kumshika ng'ombe, OTC haimponyi. Siku mbili tatu za thamani zinapita, ng'ombe anakufa, na mfugaji anasema dawa ya siku hizi ni feki. Pengine ni feki kweli, maana bandia zipo sokoni. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa nzima. Ilipewa tu kazi isiyo yake.

La kushangaza ni kwamba OTC hiyohiyo ina kazi ya heshima katika ugonjwa huohuo. Watafiti wa Muguga, nchini Kenya, walitengeneza chanjo ambayo ndama hupewa vimelea hai vya ndigana kali, na wakati uleule akachomwa OTC ya muda mrefu ili ugonjwa usimzidi nguvu mpaka mwili ujifunze kujilinda. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa ndama wengi na wamekubali kuilipia kwa fedha zao wenyewe, kwa sababu wameona faida yake. Dawa ni ileile na ugonjwa ni uleule. Kinachotofautisha ndama aliyepona na ng'ombe aliyekufa ni wakati, kipimo na ujuzi wa aliyeshika sindano. Tunaposema matumizi ya dawa kwa busara, maana yake ni hiyo.

Tukigeukia nagana inayoletwa na mbung'o, mambo ni ya kutia wasiwasi zaidi. Dawa tunazozitegemea, diminazini na isometamidiamu, zimekuwapo tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Soko la mfugaji maskini wa Afrika halikuwavutia wenye viwanda, na kwa miongo mingi hawakuleta dawa mpya za kuzirithi. Usugu dhidi ya dawa hizo umekwisha kuonekana katika nchi nyingi za Afrika. Tukizimaliza hizi mbili kwa kuzichanganya na maji mengi na kuchoma kwa kukisia, hatuna ghala jingine la kukimbilia.

Hata dawa za majosho zina historia yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita kupe waliuawa kwa aseniki. Kufikia miaka ya 1930, huko Afrika Kusini kupe wa buluu wakawa sugu. Zikaja dawa nyingine, nazo zikashindwa moja baada ya nyingine, baadhi kwa muda wa miaka michache tu. Kila josho lililowekwa maji mengi na dawa kidogo lilikuwa shule ya kupe.

MAZIWA, NYAMA NA MAYAI

Dawa haifi siku ile inapomwingia mnyama. Hukaa mwilini kwa muda, ikatoka kidogo kidogo katika maziwa, ikabaki katika nyama, ini na mayai. Ndiyo sababu kila lebo ya dawa iliyosajiliwa hutaja muda wa kusubiri, yaani siku ambazo maziwa hayaruhusiwi kuuzwa, mayai kuliwa wala mnyama kuchinjwa. Kwa dawa nyingine ni siku chache, na kwa nyingine hufika wiki kadhaa.

Mwenye ng'ombe wa maziwa anajua maana ya siku saba bila kuuza. Ni karo, ni unga, ni nauli. Kwa hiyo ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anachomwa penisilini asubuhi, na jioni maziwa yake yamo ndani ya debe pamoja na ya wengine. Watu hujifariji kwamba maziwa yatachemshwa. Kuchemsha huua bakteria, na ni jambo jema tuendelee nalo. Lakini hakuiondoi dawa kwa namna ya kutegemewa. Watengenezaji wa mtindi wanalijua hilo, maana maziwa yenye mabaki ya dawa hukataa kuganda: dawa imewaua wale bakteria wema wanaoyagandisha. Na mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe cha chai ya maziwa, bila yeye wala daktari wake kujua chanzo.

Kwa kuku mambo ni mabaya vilevile. Wapo wanaotia dawa katika maji ya vifaranga tangu siku ya kwanza, si kwa sababu wanaumwa, bali "wasije wakaumwa". Kideri kikiingia, dozi inaongezwa. Lakini kideri huletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria hazivigusi virusi kabisa. Chanjo ya kideri ipo na ni ya bei ndogo. Asiyechanja kuku wake, kisha akawanunulia dawa za bakteria, ametupa fedha yake mara mbili: kuku wamekufa, na bakteria waliomo bandani wamezoea dawa.

YALIYOWAPATA WENGINE

Tusidhani nchi zilizoendelea zilizaliwa na busara. Huko wenye mashamba makubwa walizoea kuwalisha nguruwe na kuku viuavijasumu kila siku ili wanenepe upesi. Mwaka 1969 kamati ya Profesa Swann nchini Uingereza ilitahadharisha kwamba dawa zinazotibu watu zisiwe chakula cha kunenepesha mifugo. Uswidi ilipiga marufuku zoea hilo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya mzima ulichukua hadi Januari 2006 kulikomesha, karibu miaka 40 tangu onyo lile. Kilichochelewesha si ukosefu wa elimu. Ni faida ya wachache.

Denmark ilitazama jambo jingine. Daktari wa mifugo aliyekuwa anaandika dawa ndiye huyo aliyekuwa anaiuza, na faida ya kuuza ilikuwa sehemu kubwa ya pato lake. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya huko iliibana faida hiyo, na matumizi ya dawa yakashuka. Tunaweza kujifunza hapo. Anayelipwa kwa kuuza chupa hawezi kuwa mshauri huru wa kusema chupa haihitajiki.

China iligundua, na dunia ikatangaziwa mwaka 2015, kwamba bakteria wa nguruwe walikuwa na uwezo wa kuambukizana usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitalini huwekwa akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana kwa nyingine zote. Baadaye China ikapiga marufuku kuitia katika chakula cha mifugo ili kuinenepesha.

Na India ilijifunza kutoka kwa tai. Ng'ombe waliokuwa wakichomwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki walipokufa, mizoga yao ililiwa na tai, na tai wakafa kwa figo kuharibika. Sababu hiyo ilithibitishwa mwaka 2004, wakati ambapo sehemu kubwa mno ya tai wa nchi hizo ilikwisha kutoweka. Mwaka 2006 India iliikataza dawa hiyo kwa mifugo. Watu wakahamia kwenye chupa kubwa za diklofenaki ya binadamu na kuwachoma ng'ombe. Ikabidi mwaka 2015 serikali iamuru dawa ya binadamu ifungwe katika vichupa visivyozidi mililita 3. Funzo ni kwamba amri moja haitoshi. Msimamizi aifuate dawa hadi mkononi mwa mtumiaji, na kila mwanya unapojitokeza auzibe.

LAWAMA SI YA MFUGAJI PEKE YAKE

Ndugu Mwenyekiti, ni rahisi kumlaumu mfugaji. Anauziwa dawa mnadani, juu ya turubai, katika jua kali; anachoma kwa kukisia; hasomi lebo. Lakini tujiulize kwa haki: mtaalamu wake yuko umbali gani? Lebo imeandikwa kwa lugha gani? Zamani serikali ndiyo iliyogharimia majosho na huduma za mifugo. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, huduma hizo zilipoachiwa soko, majosho mengi yalikauka na dawa ikawa bidhaa kama sabuni. Mfugaji hakupora kazi ya daktari. Aliikuta imeachwa wazi, akaishika kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wanakufa.

Sheria hatukukosa. Tunayo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, iliyoweka Baraza la kusimamia wataalamu. Dawa zenyewe husajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Tunao mpango wa taifa wa kupambana na usugu, ule wa kwanza wa 2017 hadi 2022 na wa pili wa 2023 hadi 2028. Mwaka 2018 kampeni ya kuogesha mifugo ilifufuliwa, na mwaka 2025 ikaanza kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo. Hatua hizo ni njema, na chanjo hasa ndiyo njia ya kujitegemea, kwa maana mnyama asiyeugua hahitaji dawa. Tusisahau kwamba sotoka, iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, na iliyoishinda ni chanjo.

Lakini tazameni jinsi kazi ilivyogawanyika. Dawa inasimamiwa chini ya Wizara ya Afya. Daktari wa mifugo yuko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Afisa mifugo wa kata anaajiriwa na halmashauri. Turubai la mnadani liko chini ya nani? Kila ofisi inaweza kulionyesha faili lake na kusema si letu. Katika nafasi hiyo iliyo kati ya faili na faili ndimo mlanguzi wa dawa anamojengea duka. Ninyi watumishi ndio mnaoujua mwanya huo kuliko mimi, na ninyi ndio mnaoweza kuuziba.

YATUPASAYO

Kwanza, udhibiti uanzie mnadani na dukani, si bandarini peke yake. Halmashauri inayotoza ushuru wa mnada inaweza pia kuhakikisha kwamba hapauzwi dawa juu ya turubai, na kwamba penye mnada pana mtaalamu wa kuulizwa bure. Kumfukuza muuzaji bila kumleta mtaalamu ni kumwachia mfugaji maradhi.

Pili, lebo na maelezo ya dawa yawe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na muda wa kusubiri uandikwe kwa tarakimu kubwa. Taifa lililoendesha mahakama na bunge kwa Kiswahili haliwezi kushindwa na chupa.

Tatu, afisa mifugo apewe chombo cha kufanyia kazi. Kumpa kata nzima bila pikipiki, bila mafuta na bila jokofu la chanjo, kisha kumdai taarifa ya kila mwezi, ni kujidanganya sisi wenyewe.

Nne, vyama vya ushirika vya maziwa viwe na mfuko mdogo wa kumfidia mwanachama ambaye ng'ombe wake yuko katika muda wa kusubiri. Tukimtaka mtu amwage maziwa kwa ajili ya afya ya umma, umma usimwache ale hasara peke yake. Bila hilo tutakuwa tunahubiri tu.

Tano, Ndugu Walimu, hili ni lenu. Hesabu ile ya mililita 30 ifundishwe. Mtoto wa mfugaji anayejua kuzidisha na kugawanya, anayejua kusoma tarehe ya mwisho wa dawa, na anayejua tofauti ya bakteria na virusi, ni afisa mifugo wa kwanza wa boma lao. Shule yenye banda la kuku ilifanye darasa: kuwe na daftari la chanjo, daftari la dawa, na tarehe ya kuruhusiwa kula mayai.

Na sita, sisi wenye vibanda nyuma ya nyumba tuwe mfano. Mfugaji wa mbugani anaweza kusema hakujua. Mtumishi mwenye stashahada au shahada, anayeweza kuisoma lebo na akaamua kutoisoma kwa sababu kuku wana soko Jumamosi, hana utetezi huo.

Ndugu wananchi, tulipopata uhuru tuliwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika chupa moja ya dawa iliyotumiwa ovyo wote watatu hukutana. Umaskini humfanya mtu agawe dozi, ujinga humzuia kuona madhara yake, na maradhi huvuna. Hatuwezi kumpiga mmoja na kuwaacha wawili. Dawa tulizo nazo tulizirithi zikiwa na nguvu, na wajibu wetu ni kuwaachia watoto wetu zikiwa bado na nguvu hiyo.